Mikono ya Kiptum

Kiptum alichonga kijiti ncha, akakidunga kwenye tonge la ugali na kulipeleka mdomoni. Mikono yake haikugusa chakula. Tangu arudi alikula hivyo, peke yake, mlangoni pa kibanda cha vikapu vya majani chai, ambako ndiko alikolala pia.

Janeffer, mkewe, alimtazama kutoka jikoni, roho ikamuuma. Kijiji kizima cha Merigi kilijua habari zake. Jeshi lilimpeleka ng'ambo kulinda amani. Siku ya mapumziko akatoroka kambini, akalewa, akarudi akiendesha gari la jeshi. Walimvua cheo, wakamfunga, wakamfukuza. Pombe Janeffer angeisamehe. Lakini mwanamume anayekikimbia kitanda cha mkewe, asiyembeba hata binti yake mdogo Sally, huyo ana mwingine.

"Si uniambie tu," alimwambia asubuhi ile. "Huko ulikuwa na mwanamke?"

Kiptum aliinuka, akarudi kibandani. Siku hizi alikuwa mwepesi wa kushtuka, mzito wa kujibu.

Basi Janeffer akafunga mizigo arudi kwao Siongiroi. Kabla ya kuondoka alimwita Kogo, nyanya aliyemlea Kiptum, aje asikie mwenyewe.

Kogo alifika adhuhuri na hasira zake zote. "Nimekuja kunyorosha huyu kijana. Ako wapi?"

Janeffer alimwonyesha kibandani. Bibi kizee alipiga hatua mbili tatu, akakiona kile kijiti, akasimama. 

"Anakula hivyo tangu lini?"

"Tangu arudi, Kogo. Ni madharau tu. Anaona chakula yangu ni chafu."

"Si chakula." Kogo alimshika mkono. "Zamani mwanaume akiua mtu, alikula hivyo mpaka wazee wamsafishe. Nilimwambia hiyo maneno mimi, akiwa mdogo. Hakuna mwanamke hapa, mama."

 Ghafla Janeffer alitamani sana mwanamke huyo awepo.

Kogo alichuchumaa mbele ya mjukuu wake. "Ulisema hiyo kwa wakubwa wako wa jeshi?"

"Hawakuuliza, Kogo. Waliuliza pombe na gari tu, si aliyekuwa barabarani."

Sally alitoka ndani ya nyumba mbio, akamkimbilia baba yake. Kiptum aliruka nyuma, akaificha mikono mgongoni.

"Alikuwa nani?" Kogo aliuliza.

"Jina sijui," Kiptum alisema, macho kwa binti yake. "Alikuwa mtoto, mkubwa kama huyu."