Matone ya Mpira wa Watoto

Daftari la dada nililikuta nyuma ya kabati nikitafuta kalamu. Ni la mwaka ule aliofanya mtihani wa leseni ya uuguzi na kupita mara ya kwanza. Mimi nilianguka, na wiki ijayo narudia.

Nikafungua ukurasa wa dripu. Mwandiko wake ule ule wa kulala: mpira wa kupitishia dripu wa mtu mzima, matone ishirini kwa mililita, mpira wa watoto, sitini. Hiyo sitini aliipigia mstari kwa kalamu nyekundu mpaka karatasi ikatoboka.

Nikachukua kadi alizoniandikia yeye mwenyewe, hizi ninazozikariri tangu mwaka jana. Mtu mzima, ishirini. Mtoto, ishirini.

Haya, labda alipitiwa. Nani hapitiwi? Lakini nikifaulu nitapangiwa kituo cha mbali, na mama ninayemuuguza mimi hapa nyumbani, ambaye hata kujigeuza kitandani hawezi, ataachiwa nani?

Mlango ukasukumwa. Dada akaingia na chai yangu, bado amevaa sare ya wodi ya watoto. Nikalikalia daftari.

"Umefika wapi, mdogo wangu?"

"Kwenye dripu. Zinanichanganya. Hebu nikumbushe, mpira wa watoto ni matone mangapi kwa mililita?"

Akaipuliza chai ipoe, kama alivyokuwa akinifanyia nilipokuwa mdogo, kisha akaniwekea kikombe mkononi.

"Ishirini," akasema. "Hiyo wala usiiumizie kichwa."