Magoti ya Naigaga

"Piga magoti, binti! Huko Jinja hamfunzwi kusalimia wakubwa?" Mwenyekiti wa ligi ya vijana ya mpira wa kikapu alikuwa ameishika juu jezi ya timu ya kulipwa iliyomsajili Naigaga. Ukumbi mzima wa Mbale ukacheka.

Baba yake Naigaga, mgane, aliyatazama magoti ya mwanawe, kovu juu ya kovu, zawadi ya uwanja wa changarawe ambao bwana huyu aliahidi kuusakafia tangu mama mtu yuko hai. Leo anajiita mlezi! Mlezi wa tumbo lake.

"Bila magoti, hakuna jezi," mwenyekiti akatania, akiinyanyua zaidi.

"Mwanangu," baba akasema, "fanya ulivyozoea uwanjani."

Naigaga akakunja magoti taratibu, macho kwenye jezi, kama anavyoyakunja kabla ya kuruka.