Msalaba wa Kupimia Bonde

"Shika kona hiyo, Papa Gasaro! Inua, usiburute!"

Patricie alikuwa amekwisha kuondoa mawe yaliyobana kitambaa chini. Msalaba wa kitambaa cheupe, kila mkono wake mrefu kama mtu aliyelala, ulikuwa umetandikwa kwenye ngazi ya chini ya shamba lao la mihogo, lililochongwa kwa ngazi mlimani, na ndege ya kupima ilitarajiwa wakati wowote asubuhi hiyo. Mumewe Ndizeye, huyo Papa Gasaro, aliishika kona huku akitazama ng'ambo ya bonde.

"Injenia alisema batu basiguse," alinong'ona.

"Injenia haishi hapa."

Maneno makali, lakini mwanamke alikuwa na uchungu. Bwawa la umeme lilikuwa linakuja katika bonde hili la Butare, karibu na mpaka wa Congo, na kila nyumba itakayoonekana chini ya mstari wa maji ingebomolewa. Ya kwao ilikuwa pembeni kabisa mwa mstari huo. Walizaliwa Bukavu, wakakulia katika vyumba vya kupanga, wakarudi Rwanda ya wazazi wao vita vya Congo vilipopamba moto. Hii ilikuwa nyumba ya kwanza ambayo hakuna mtu aliyewagongea mlango kudai kodi. Leo waiachie maji? Thubutu!

Munyemana, yule injenia, alikuwa ameutandika msalaba mwenyewe kabla ya kwenda ng'ambo ya bonde. "Hapa nimepima kwa mashine, kimo chake nakijua," aliwaambia. "Ndege haijui kitu. Itaanzia hapa, halafu itapima bonde lote kwa kulinganisha na hapa. Tungeweka misalaba mine, lakini feza imetosha mumoja. Na ndege itapita mara moja tu, essence yake, yale mafuta, ni bei ya kutisha."

"Na nyumba yetu, injenia?" Patricie alimuuliza.

"Sina ruhusa ya kusema mbele, ramani haijatoka. Usihangaike, maman. Ngoja tu."

Angoje! Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na Patricie hakujiona kuwa na kipara. Kama ndege inaanzia kwenye msalaba, basi msalaba ukipanda na nyumba itapanda. Ngazi ya juu ya shamba ilikuwa kimo cha watu wawili kutoka ile ya chini. Liwalo na liwe.

Wakaupandisha. Ndizeye aliteleza, akaanguka na kona yake, akainuka akihema. Walikuwa wanaweka jiwe la mwisho mlio uliposikika kutoka upande wa Congo. Huko bondeni watu walitupa majembe wakakimbilia migombani. Tangu vita, nani angesimama kuuliza ndege ni ya nani? Ndizeye naye alitimua mbio. Patricie alijilaza kati ya mihogo, akimwita Bikira Maria kwa sauti. Ndege ilipita juu ya msalaba, ikageukia uwanja wa Kamembe, ikapotea.

Injenia aliporudi kutoka ng'ambo ya bonde, kitambaa kilikuwa kimerudishwa kwenye ngazi ya chini, kila jiwe kwenye kona yake. Alikikagua, akaridhika, akakikunja. Jioni hiyo Patricie alicheka mpaka akatoka machozi, na Ndizeye akaenda kununua bia.

Ramani ilikuja wakati wa mvua. Munyemana aliitandaza kwenye meza yao, lakini yeye hakuketi.

"Nyumba yenu iko ndani ya maji."

"Haiwezekani!" Ndizeye aliruka kutoka kitini. "Ndege irudi, ipime tena!"

"Ndege hairudi, papa. Bei yake inapita nyumba zote za bonde hili." Alimgeukia Patricie. "Mimi mwenyewe sielewi. Nilipopima kwa miguu, bado ndege haijakuja, nyumba hii ilikuwa nje ya mstari. Niliwahesabu kati ya batu batakaobaki. Kama msalaba ungepanda, ndege ingeita kule juu kimo cha chini, na nyumba zote zingeshuka kwenye ramani. Lakini ndege imeanzia pale chini, na pale chini hapakuguswa. Au siyo, maman?"