Magoti ya Koku

Siku hizi sheria ni moja: plazma ya damu yako hutibu mtu mmoja tu, na ukishaandikisha jina hakuna kubadili. Koku alimwandikisha mama yake. Mama akachomwa sindano za plazma hiyo magotini, akarudi kupalilia migomba kama msichana.

Juzi Koku akachanika kano ya goti, na plazma yake haikuruhusiwa tena kumtibu mwenyewe. Leo asubuhi aliingia jikoni, akamwamkia mama akiwa wima.

"Tangu lini binti wa Kihaya akasalimu wima?" mama alifoka. "Piga magoti!"

"Halikunjiki, mama."

Mama akaacha kumenya ndizi. Akalitazama goti lililovimba. Kisha akashuka sakafuni, wepesi kabisa, akapiga magoti mbele ya mwanawe.

"Inuka, mama! Ni mwiko!"

"Magoti ni yako," mama akajibu, na hakuinuka.