Kishipa cha Upande wa Kulia

"Sema jina lako, Mama," Daktari Oketch aliomba, na wanafunzi wa upasuaji wakatega masikio.

Mama Nanzala alilisema. Kilichotoka kilikuwa pumzi tu, kama upepo chini ya mlango. Huyu ndiye aliyeongoza kwaya kanisani kwao Langas, hadi alipopasuliwa goita miaka ishirini iliyopita.

Betty, daktari mwenzake aliyeketi nyuma, aliangalia viatu vyake.

"Kwa kawaida neva ya sauti hushuka mpaka kifuani, kisha hupanda kurudi kooni," Oketch alieleza akichora ubaoni. "Lakini kuna wachache, kama Mama, ambao upande wa kulia inakatiza moja kwa moja hadi kooni, bila kushuka. Ni nyembamba. Ukiwa na haraka utaapa ni kishipa cha damu. So usikate, usifunge kitu, kabla hujaiona neva na macho yako."

"Na daktari aliyempasua Mama?" mmoja akauliza.

"Alikuwa mwalimu wangu. Alikuwa ananiita 'kijana wangu'. Siku hiyo mimi nilikuwa wa kufunga vishipa tu, kama nyinyi sasa. Mzee aliandika kosa kwa faili na mkono wake, akaweka kisu chini. Hakupasua tena."

Oketch alikwepa macho ya Betty. Hakuhitaji kutaja jina. Hospitali nzima ilijua ni Mzee Mbuthia, baba yake Betty, aliyemalizia siku zake akichunga ng'ombe Kesses na kukataa kuulizwa. Maji yakimwagika hayazoleki, ndilo jibu lake pekee. Betty alisomea upasuaji ili alisafishe jina hilo, na kila mwaka darasa hili lilimvunja moyo upya.

Kipindi kilipoisha alimfuata Mama Nanzala nje, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mama, mimi ni binti ya Mbuthia. Nimekuja kuomba msamaha kwa niaba yake."

Mama alimtazama sana. Akageuka kuangalia kama Oketch yuko mbali, kisha akamvuta karibu, maana sauti yake haikufika hatua mbili.

"Babako alikuja kwangu Langas, akakaa kwa kiti changu akalia," alinong'ona. "Hakuja kujiombea msamaha. Aliniomba nisiwahi kumwambia kijana wake kwamba kile alichofunga hakikuwa kishipa cha damu."