Ndoo ya Pili

Kwa mara ya tatu asubuhi ile, Chausiku alikuta lango la mabwawa ya maji taka limepigwa kufuli. Yamejaa, mlinzi akamwambia, rudi wiki ijayo. Wiki ijayo! Vyoo vyake sita vya kukodisha vilikuwa vimejaa tangu ngoma ya jana, harusi yenyewe ni saa nane, na tangi la lori lake la kunyonya vyoo halina nafasi hata ya kikombe.

Akaendesha tu, hajui aendako, mpaka kwenye korongo kavu nje ya mji. Akatazama huku na huku. Akashuka, akavaa glovu, akaburuta bomba hadi ukingoni, akashika koki.

"Mungu akubariki, mwanangu!"

Mama mmoja alikuwa anapanda mbio kutoka korongoni, ndoo mkononi. "Siku nne tunafukua mchanga humo chini, hatupati hata kopo moja la maji. Kumbe mmetukumbuka!" Akaitega ndoo chini ya bomba, akapiga kigelegele kuwaita wenzake.

Lori lilikuwa la kuuzia maji kabla Chausiku hajalinunua, na rangi ile ya buluu hakuwahi kuibadilisha.

Ndoo zilikuwa zimeshaanza kupanga foleni. Akaiacha koki, akateremsha dumu lake la maji ya kunawa, akalimimina lote kwenye ndoo ile ya kwanza.

"Haya, sasa fungulia," mama akasema, na ndoo ya pili ikasogezwa chini ya bomba.