Atakayemchukua Mtoto

Fundi alikuwa amesimama tena ng'ambo ya barabara, ovaroli imelowa grisi, macho hayabanduki kwenye geti la kituo. Siku ya tatu hiyo. Mlezi alivuta pazia kwa hasira.

"Leo atanitambua," alisema.

Jumatatu mtu huyo alithubutu kuja mpaka getini. "Nimemfuata mdogo wangu, yule mwembamba." Mdogo wangu! Mjini hapa nani si mdogo wa mtu? Mlezi alifungua daftari, akamwonyesha kuwa jina lake halimo, akamfungia geti usoni hata hajamaliza kujieleza. Kituo kile cha jumuiya kilikaa na watoto arobaini tangu wanapotoka shule mpaka wenyewe wawafuate, na kwa miaka sita hakuna hata mmoja aliyepotea mikononi mwake. Hakuwa tayari kuanza na Kijiti.

Kijiti ndiye huyo mwembamba. Miaka kumi na miwili, na ndiyo kwanza wiki ya pili anakuja. Siku ya kwanza Mlezi alipomuuliza nani atakuwa anamchukua, alijibu kwa sauti ndogo, "Mume wangu." Chumba kizima kiliangua kicheko. Mlezi naye alicheka mpaka machozi, maana marehemu babu yake mwenyewe alikuwa akimwita "mke wangu" hadi siku anaaga dunia. Jioni ile mzee wa mkongojo, mvi kichwa kizima, alipopiga hodi, Mlezi hata hakuona haja ya kumuuliza. Kwenye fomu, penye uhusiano, alimwandikia mwenyewe: babu.

Sasa ilikuwa saa kumi na mbili kasorobo. Watoto walikuwa wamebaki wanne. Kijiti alikuwa anaosha kikombe kile kile kwa mara ya tatu.

"Mwalimu, hapa hakuna wanaolala?"

"Hakuna, mwanangu. Kwani vipi?"

Mtoto alikwenda dirishani, akachungulia pembeni ya pazia. Mlezi roho ilimuuma.

"Unamjua yule wa ovaroli?"

"Mume wangu hataki nizungumze naye."

Kumbe hata mzee ameshamshtukia! Mlezi alikimbia kutazama kufuli la geti, akarudi, akampigia mzee simu: kama jana na juzi, asipite mbele, aje mlango wa jikoni, tena haraka. Kisha akakaa ameshika mkono wa Kijiti, sikio mlangoni. Kila gari lililopunguza mwendo nje lilimkata maini.

Hatimaye mkongojo uligonga.

"Haya, mke wangu, twende nyumbani," mzee alisema.

Wale watatu waliobaki walichekelea. Kijiti aling'ang'ania sketi ya Mlezi kwa mikono miwili.

"Usiogope," Mlezi alimnong'oneza, huku anamfungua vidole kimoja kimoja. "Ukiwa na huyu hakuna wa kukugusa."

Aliwasindikiza kwa macho mpaka walipopinda uchochoro wa nyuma. Afadhali. Alishusha pumzi, akajifunga kibwebwe, akatoka mbele na kuvuka barabara, simu mkononi.

"Wewe huna haya? Mtoto wa watu keshaondoka na babu yake! Na kesho nikikuona hapa, naita polisi!"

Fundi alimkodolea macho kama hakusikia vizuri.

"Babu yupi, dada? Mimi na yule ni tumbo moja. Babu zetu wote wawili walikufa kabla yeye hajazaliwa."